Pumzi ya Saa Tisa na Robo

Kutoka kijijini hadi mnarani ni kilomita kumi na mbili
za theluji inayolia chini ya buti kama wanga mkavu.
Kunnei anaijua njia kwa magoti.
Ni Machi, na kwao Yakutia watu wanasema baridi imelegea:
nyuzi thelathini na nane tu, chini ya sifuri.

Msitu uko uchi. Miti yake ni lachi,
jamaa wa msonobari asiyeona haya kupukutisha sindano.
Chini ya mizizi, mita moja na kitu,
udongo umeganda tangu enzi za mamothi
na nyasi walizoziacha bila kuzimaliza.

Juu, mita thelathini na mbili,
lipo jicho la kioo na masikio matatu ya chuma.
Masikio yanauhoji upepo: unapanda au unashuka?
Jicho linauliza: umebeba nini?
Mara kumi kila sekunde, mchana kutwa, usiku kucha,
kama karani wa forodha asiyekula rushwa
pale mpakani, baina ya msitu na mbingu:
hewa ukaa hii imeingia, hii imetoka,
gonga muhuri, pita.

Usiku huu karani kapofuka.
Jalidi imelifunika jicho,
na kule Sapporo Mitsuharu, macho makavu mbele ya kompyuta,
ameona mstari umekatika kama uzi mdomoni mwa fundi cherehani.
Saa zao ni moja, wawili hawa; majira ndiyo mbalimbali.
Ameandika: *Kunnei, jicho. Samahani.*

Vipandio mia moja na arobaini.
Ana miaka hamsini na mmoja.
Kanuni aliyofundishwa ni fupi:
ukifika juu, kaa upande upepo unakoelekea,
na ukilisogelea jicho, zuia pumzi.

Akazuia.
Akafuta kioo kwa kitambaa na spiriti,
taratibu, kama unavyomfuta mtoto tongotongo.
Kule chini mwezi ulikuwa umemwagika juu ya theluji yote,
na katikati ya weupe ule aliliona paa la nyumba ya mama yake
(au alidhani ameliona, kilomita kumi na mbili),
na nyuma ya nyumba, ghala la barafu
alilolichimba babu kwa shoka na moto,
lililotunza samaki na nyama ya farasi miaka sitini
bila kudai umeme wala shukrani.
Kiangazi kilichopita maji yalifika magotini.
Walitoa nyama kwa ndoo.
Harufu yake mama aliifananisha na mtu
aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi.

Hapo ndipo Kunnei aliposhusha pumzi.

Sapporo, mstari ukarudi, na pamoja nao mwiba:
mmoja, mrefu, mwembamba, saa tisa na robo.
Mitsuharu akaujua mara moja.
Miiba hung'olewa, ndiyo kazi;
ndege akitua, mvua ikigonga, fundi akipumua,
unaweka alama, unafuta,
unaziba pengo kwa wastani wa majirani.
Msitu usidaiwe kisichokuwa chake.

Mwaka juzi msitu ule ulivuta kuliko ulivyotoa.
Mwaka jana pia, lakini kidogo:
uzito wa kijiko cha sukari kwa kila mita ya mraba.
Mwaka huu bado hajathubutu kujumlisha.
Anachojua ni kwamba zile nyasi za kale
nazo zilikuwa zimezuia pumzi.

Kidole kilikaa juu ya kitufe, kikakaa.

Kisha akafuta, maana takwimu ni takwimu.
Akaandika tena: *Umeshuka?*

Jibu lilichelewa dakika ishirini,
vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi:
*Nimeshuka. Jicho linaona?*

*Linaona*, akajibu,
na nje ya dirisha lake theluji laini ya Sapporo
ilianza kugeuka mvua.